Kijani kwa Dola, Nyekundu kwa Shilingi

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nane mchana, nikiwa nasubiri zamu iishe. Vumbi la Tunduma limelala, na malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani yameonekana kama yametoka kuoshwa. Nimenunua daftari hili la kurasa mia mbili ili niandike habari za hela ya Gwantwa, maana tangu nianze zamu za kufuatana pale kituo cha afya kichwa changu sikiamini.

Gwantwa ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu Clever. Clever alikuwa dereva wa lori. Alifariki mwaka jana mwezi wa tano, lori lilipokosa breki kwenye mteremko upande wa Zambia. Fidia ilitoka mwaka huu mwezi wa nane: milioni kumi na mbili. Siku ileile Gwantwa alikuja kwangu na karatasi ya benki akaniambia nimtunzie, kwamba ikikaa kwake itaombwa mpaka iishe. Sikumuuliza ana mpango gani nayo. Nilijua ni ya kusomesha watoto wake wawili, kwa hiyo nikaona itakaa miaka.

Daktari mmoja pale kazini ndiye aliyenionyesha kampuni ya udalali wa hisa. Unafungua akaunti kwenye simu, shilingi zako zinageuzwa dola, na dola zinanunua vipande vya mfuko wa hisa za nje. Kila mtu alikuwa anasema shilingi inashuka, mwenye dola analala bila hofu. Nilimfungulia Gwantwa akaunti kwa jina lake, ila simu ni yangu na namba ya siri naijua mimi. Alisaini nilipomwonyesha kwa kidole. Aliuliza kitu kimoja tu, kama akiihitaji inatoka. Nikamwambia inatoka kwa siku tatu, nne.

Tarehe 12 Septemba milioni kumi na mbili ziligeuzwa kwa 2,730, zikawa dola 4,395. Leo nimefungua app, imeandika 4,571. Pembeni kuna mshale wa kijani: faida 176. Nimezidisha kwa 2,730, nikapata shilingi 480,480. Mshahara wangu hauko mbali na hapo.

Nimempigia palepale. Alikuwa sokoni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anauza maharage. Nikamwambia hela yako imezaa laki nne na themanini. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua asubuhi. Wajawazito kumi na tisa kliniki. App: 4,569. Sikumwambia habari ya hizo mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Gwantwa amepita baada ya ibada na viazi vitamu kwenye mfuko. Nilidhani amekuja kusalimia. Amekuja kuniambia amepata kiwanja.

Kipo Chapwa, kinatazama barabara. Mwenyewe ni Abdulrahim, yule msafirishaji mwenye malori matatu ya bluu. Anataka milioni kumi na mbili na laki nne, na mwisho ni tarehe 31 Desemba. Gwantwa ameshampa laki tatu za kushikilia, kutoka kwenye mtaji wake wa maharage. Anataka kujenga fremu mbili za maduka, moja auzie nafaka, nyingine apangishe.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwanza. Akanijibu kwa upole kwamba nimeshamwambia zimefika milioni kumi na mbili na laki nne na themanini, sasa alisubiri nini. Mimi nilikuwa sijui hata kama anataka kiwanja. Lakini hesabu inatosha. Tumekunywa chai, tumeongea habari za nondo na bei ya saruji. Alipotoka nilimtazama akiruka madimbwi na viatu mkononi, nikajisifu moyoni. Clever angekuwepo angesema dada yake amefanya jambo.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimepita duka la kubadilishia fedha nibadilishe kwacha nilizopewa na mgonjwa kama ahsante. Bashiri, kijana wa Tanga anayekaa dirishani, ameniambia dola inashuka kila siku na hajawahi kuona ikishuka hivi. Ubao wake wa bei ulikuwa umefutwafutwa mpaka umebaki ukungu wa chaki. Nikamwambia mimi sina dola, nina hisa. Akatabasamu, akaendelea kuhesabu kwacha zangu.

App: 4,608. Kijani.

Jumanne, 3 Desemba

Bati linavuja juu ya kabati. Nimesogeza kabati. 4,622.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu, nimelala. Gwantwa amenitumia ujumbe: Abdulrahim anauliza kama tutamaliza kabla ya Krismasi, anataka kusafiri. Nimemjibu wiki hii.

Alhamisi, 12 Desemba

Asubuhi nilifungua app ili niuze vipande vyote. Ilikuwa 4,640. Faida 245, kijani, namba kubwa kuliko zote tangu tuanze. Nilifurahi kwamba tumengoja. Kabla ya kuuza, app ikauliza nataka kulipwa kwa fedha gani. Nikagusa shilingi. Ukurasa ukajizungusha, na ule mshale wa kijani ukawa mwekundu. Thamani: 11,182,400. Hasara: 817,600.

Nilijua simu imeharibika. Niliizima nikaiwasha. Nikarudisha kwenye dola: kijani, faida 245. Nikarudisha kwenye shilingi: nyekundu, hasara laki nane na kumi na saba. Dola, kijani. Shilingi, nyekundu. Nilifanya hivyo labda mara kumi, nimesimama kwenye korido karibu na mlango wa maabara, watu wananipita. Hela ni ileile. Sijauza kitu, sijanunua kitu. Kidole changu peke yake ndicho kilichokuwa kinageuza faida kuwa hasara.

Nilipiga simu kampuni. Dada mmoja mwenye sauti nzuri akanihakikishia akaunti ina faida ya asilimia tano na nukta sita, hongera. Nikamuuliza mbona kwa shilingi ni hasara. Akasema kwa shilingi ni sahihi pia. Nikamuuliza ipi ni ya kweli. Akasema zote, akaniuliza kama kuna jambo lingine anaweza kunisaidia.

Sikuuza. Nilirudi wodini nikachoma sindano za watoto. Mama mmoja aliniambia nataka kumchoma mwanae mara ya pili, na kweli nilikuwa nimechukua bomba la pili. Nashukuru lilikuwa tupu, na sindano ilikuwa bado na kifuniko.

Ijumaa, 13 Desemba

Mchana nimekwenda kwa Bashiri. Dukani hapakuwa na mtu kwa sababu ya mvua. Nimemweleza yote, nimemwonyesha na app. Nilimchukulia kuwa kijana wa kuhesabu noti tu, lakini amenitolea kiti na kunisikiliza mpaka mwisho.

"Dada Judith," akaniambia, "siku ile ulinunua vitu viwili. Ulinunua dola, halafu kwa hizo dola ukanunua hisa. Hisa zimepanda. Dola yenyewe imeanguka. App inakuhesabia hisa kwa dola, kwa hiyo anguko la dola hailioni. Wewe sokoni unakwenda na shilingi, wewe ndiye unaliona."

Nikamuuliza ile laki nne na themanini niliyomwambia wifi yangu ilikuwa nini basi. Akaichukua kalamu, akaangalia bei za siku ile kwenye kitabu chake. Nilizidisha faida kwa bei ya Septemba, akasema, wakati bei ilikuwa imeshaanza kushuka, na iliposhuka ilishusha hela yote, si faida peke yake. Siku ile ningeuza ningepata kama laki mbili juu. Leo benki wangenipa hata pungufu ya ile namba nyekundu, kwa sababu wao hununua kwa bei ya chini kidogo.

Nilimuuliza kwa nini inashuka, wakati kila mtu alisema haishuki. Akasema wengine wanasema korosho, wengine dhahabu, wengine watalii, kwamba dola zimeingia nyingi. Yeye anaandika ubaoni tu.

Nimeelewa alipokuwa anaongea. Nilipofika nyumbani sikuelewa tena. Kama hisa zimepanda na hela imepungua, ile iliyopungua imekwenda wapi? Imechukuliwa na nani?

Jumapili, 15 Desemba

Nimemwambia.

Nilimfuata kwake Sogea. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, watoto wamelala. Nilianza na dola, nikaenda kwenye hisa, nikarudi kwenye dola, nikajikuta nasema maneno ya Bashiri nusunusu. Akaacha kuchambua.

"Wifi, ulisema imezaa."

Nikasema ndiyo, imezaa, kwa dola.

"Ulisema laki nne na themanini. Hukusema kwa dola."

Nikamwambia nitachukua mkopo kwenye mshahara nijazie. Kiasi kinachopungua kumalizia kiwanja kimezidi laki tisa, lakini nitaweza, nitakatwa miaka miwili. Alitikisa kichwa. Alisema hataki kuingia kwenye kiwanja kwa hela ya mtu mwingine, na hataki kuitoa ile ya kwake ikiwa imechubuliwa hivyo. Hakupandisha sauti. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama anavyosindikiza mgeni, na mimi si mgeni pale.

Jumanne, 24 Desemba

Zamu ya Krismasi. Sijapokea hata ujumbe wa Gwantwa. 4,611 kwa dola. Kwa shilingi sijagusa.

Jumanne, 31 Desemba

Abdulrahim ameuza kiwanja kwa mtu wa Mbeya. Nilidhani laki tatu za Gwantwa zimekwenda, kwa jinsi nilivyozoea kumsema Abdulrahim kuwa ni mtu wa kubana. Nimesikia kutoka kwa jirani wa Gwantwa kwamba Abdulrahim amempelekea zote mkononi, na kumuomba radhi kwamba hakuweza kungoja. Mimi sijamwomba radhi bado.

Jumamosi, 4 Januari

Mvua siku nne mfululizo. Lori limezama topeni pale Mpemba, foleni imefika huku kwetu. Kanisani wanakwaya wawili waliacha kuongea nilipokaribia.

Jumatano, 8 Januari

Kaka Fanueli amepiga simu kutoka Ihanda. Ni mkubwa wetu, ndiye anayeangalia kahawa ya baba na ndiye anayekaa na mama. Hakunisalimu vizuri. Amesema habari zimefika, na Jumapili nifike nyumbani, na Gwantwa ataitwa pia. Nikamuuliza habari gani. Akasema nazijua.

Jumapili, 12 Januari

Nimerudi kutoka Ihanda jioni hii, matope mpaka magotini. Nataka niandike kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuirembesha.

Tulikaa sebuleni kwa mama. Kaka Fanueli kwenye kiti cha baba, mama kwenye mkeka na khanga mabegani, Gwantwa kwenye benchi karibu na dirisha, mimi peke yangu upande wa pili. Hakuna aliyepanga tukae hivyo, tulijikuta tu. Kaka alianza kwa kusema marehemu aliacha mjane na watoto, na kwa damu yake zilitoka milioni kumi na mbili. Mwezi uliopita mjane alizihitaji akashindwa kuzipata. Anayezishika ni mimi. Nieleze.

Nikatoa simu. Nilikuwa nimejiandaa kwenye basi njia nzima. Nikamwonyesha ile ya kijani, akaisoma kwa sauti: faida. Akaniuliza kama kuna faida, kwa nini kiwanja hakikulipwa. Nikageuza ikawa nyekundu. Akaniangalia mimi, akaangalia simu, akaniuliza mimi namfanya yeye mtoto? Nikaanza habari ya dola kushuka. Akasema yeye anauza kahawa miaka ishirini, bei inapanda na kushuka, lakini kilo ni kilo, hajawahi kuona gunia moja likawa zito na jepesi siku hiyohiyo. Kusema kweli hata mimi nilikuwa najiuliza hilohilo.

Mama akaniita kwa jina langu la utotoni. Akaniambia kama niliitumia niseme tu, tutauza ng'ombe, aibu ibaki ndani. Hapo nililia. Nina miaka arobaini na tatu, nimezalisha nusu ya watoto wa Tunduma, nililia mbele yao kwa sababu mama yangu alikuwa amekwisha kuamini kwamba nimeila.

Gwantwa akasimama. Nilijua anakuja kunimaliza. Ni yeye aliyekosa kiwanja, na kaka alikuwa amempa nafasi.

"Hajala," akasema. "Mimi sijamwambia mtu kwamba amekula. Nilisema sikuipata, watu wakamalizia wenyewe."

Kaka akamuuliza amejuaje. Akamweleza akiwa bado amesimama, mikono nyuma. Mwaka juzi alinunua magunia kumi ya maharage kule Itaka, akavusha Nakonde. Aliuza kwa kwacha nyingi kuliko alivyowahi kuuza maisha yake, akarudi mpakani anaimba. Wateja wake Wazambia walimwambia leo una ndalama, yaani hela, na kweli begi lilikuwa limejaa ndalama. Akafika kwa wabadilishaji akakuta kwacha imeporomoka wiki ileile. Shilingi alizopewa zilikuwa chache kuliko zile alizonunulia maharage Itaka. Kwa kwacha alikuwa amepata. Kwa shilingi alikuwa amepoteza. Alikaa kwenye gunia tupu akajiuliza ni nani aliyemwibia, na hakuna aliyemwibia.

"Kilo ni kilo, kaka, ndiyo," akasema. "Lakini wewe kahawa unaipima kwa mzani mmoja. Hela hii ina mizani miwili."

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati. Ninavyoandika bado naona aibu, maana miezi yote hii nilimweka Gwantwa kichwani mwangu kama mtu wa kutunziwa. Nimesoma chuo miaka mitatu, yeye aliishia darasa la saba kule Ileje, na kila siku ya soko anafanya kwa mikono yake hesabu ambayo mimi ilinishinda kwenye korido. Tangu Septemba ningeweza kumuuliza. Haikunipitia akilini.

Basi nikadhani yamekwisha. Akanigeukia.

"Ila wifi, kosa lako lipo. Uliniambia nimepata faida kabla hujajua mimi nakwenda kununua nini, na kununua kwa hela gani. Mimi nikaenda kutoa laki tatu za mtaji wangu kwa neno lako."

Nikasema samahani mbele ya wote. Mama akasema tule. Tulikula ugali na mboga ya maharage, na hakuna aliyetaja hela tena, ila kaka alinipa kilo mbili za kahawa nilipokuwa naondoka. Kwake yeye hiyo ni maneno mengi.

Jumatatu, 13 Januari

Baada ya zamu nimekwenda Sogea. Nimemwekea Gwantwa app kwenye simu yake na kumwacha abadilishe namba ya siri mwenyewe. Nikageuka ukutani alipokuwa anaiandika. Akaweka ionyeshe kwa shilingi, moja kwa moja, hakugusa dola kabisa. Akaniuliza kila kitufe kazi yake. Viwili sikuvijua.

Akanikubalia nibaki na uwezo wa kuangalia tu kwenye simu yangu.

Jumanne, 21 Januari

Homa ya malaria imejaa wodi. Sijafungua app siku tatu. Nilidhani nitajisikia vizuri zaidi.

Jumamosi, 1 Februari

Dola imeanza kupanda, Bashiri anasema. Ubao umefutwa tena. Sasa nifurahi au nisikitike? Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nasikitika iliposhuka, kwa hiyo nafikiri nifurahi. Lakini bei ya dawa za duka la jirani inapanda na dola. Nimenunua panado kwa bei mpya.

Jumanne, 18 Februari

Leo app yangu imeonyesha kijani kwa dola na kijani kwa shilingi, zote mbili, kwa mara ya kwanza. 4,660. Bei ya dola 2,580. Shilingi 12,022,800. Elfu ishirini na mbili juu ya milioni kumi na mbili za Clever.

Nilimpigia nikimwambia auze, auze leo. Alikuwa ameshaona. Alisema bado. Amepata kiwanja kingine Mpemba, cha mzee Ezron, kidogo kuliko cha Chapwa, lakini mzee na wanawe hawajakubaliana kuuza. Akiitoa sasa itakaa kwake, na ikikaa kwake itaombwa. Halafu anaona dola bado inapanda, wafanyabiashara wote wa Nakonde wanaitafuta. Mwezi mmoja mbele itakuwa juu zaidi.

Nilimsihi. Nilimwambia elfu ishirini na mbili ni faida. Akaniambia taratibu, "Wifi, niache niamue."

Nikamwacha. Nilikata simu nikazunguka chumba mara tatu.

Ijumaa, 28 Februari

4,571. Namba ileile ya Novemba iliyonifanya nimpigie. Safari hii sikumpigia.

Alhamisi, 6 Machi

Dola inapanda kama alivyosema. Hisa zinashuka, jambo ambalo hakuna aliyesema. Ninazitazama zikivutana kama mbuzi wawili kwenye kamba moja na siwezi kusema nani anashinda. 4,498.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa, mawe. Mahindi ya watu Ndalambo yamelala, wanasema. 4,430.

Jumanne, 25 Machi

Gwantwa ameuza.

Wanawe mzee Ezron walikubaliana Jumapili: milioni tisa. Jana jioni Gwantwa alinipigia akaniomba niende naye benki leo, hakutaka kwenda peke yake. Asubuhi tukakaa kwenye benchi nje, app mkononi mwake. Mimi nilifungua yangu kwa dola kwa sababu ya mazoea: 4,390. Hasara tano. Nyekundu. Kwa dola tumepoteza, wakati Desemba, siku ile ya korido, kwa dola tulikuwa tumepata mia mbili na arobaini na tano. Lakini ya kwake, kwa shilingi, ilikuwa juu ya ile ya Desemba kwa zaidi ya laki nne, na bado chini ya milioni kumi na mbili. Nilijaribu kulipanga hili kichwani. Dola zimepungua na shilingi zimeongezeka, na zilizoongezeka bado ni pungufu. Nikamuuliza Gwantwa kama anaelewa.

Akasema anaelewa kwamba dola aliipatia na hisa hazikumsikiliza. Akabonyeza kitufe cha kuuza kwa kidole gumba, kama mtu anayepiga muhuri.

Nikamwambia jambo nililokuwa nimelibeba tangu Ihanda. Kinachopungua nitamlipa, kidogokidogo, kila mwisho wa mwezi. Akaniuliza kipi. Nikasema kinachopungua kwenye milioni kumi na mbili.

"Ungenipa Desemba ningechukua," akasema, "ile ilikuwa hesabu yako. Februari iliniambia kumi na mbili na nikakataa. Hii ni yangu mwenyewe."

Hakuwa na uchungu. Nilimtafuta usoni nikitaka kuuona, ili nimfariji. Haukuwepo. Hasara ya Desemba ilimnyamazisha karibu mwezi mzima na hakuwa amepoteza hata senti mkononi. Hii ameipoteza kweli na aliingia benki akiwa anauliza kama tutapata nafasi ya kula chapati.

Jumatatu, 31 Machi

Fedha zimeingia kwake benki. Walinunua dola kwa 2,640, ikawa 11,589,600. Wakakata elfu ishirini na tano za kutuma. Daktari yule wa kazini ameniuliza kama uwekezaji ulilipa. Nimemwambia sijui. Akadhani namficha.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishana. Mzee Ezron na wanawe wawili upande mmoja, Gwantwa na mimi upande mwingine, mtendaji katikati na fomu zake. Gwantwa alihesabu milioni tisa mezani, wakahesabu wao, akahesabu mtendaji. Zile zilizobaki kwenye mkoba, za kununulia tofali, alizifunga na kamba ya viatu.

Mtendaji akauliza shahidi wa mnunuzi ni nani. Gwantwa akasema ni mimi. Akauliza nina uhusiano gani naye. Kwenye fomu kuna mstari mfupi sana wa kujaza hilo.

"Wifi yangu," Gwantwa akasema. Mtendaji akaniuliza mume ni nani basi, aandike. Gwantwa akamwambia mume amefariki, lakini wifi ni wifi. Akaandika.

Baadaye tulitembea mpaka kwenye kiwanja. Mvua imeanza kuachia, jua lilikuwa limetoka na udongo unatoa mvuke. Mmoja wa wana wa mzee alikuwa ameacha vigingi vinne. Gwantwa akanipa ncha ya kamba nishike kona ya barabara, yeye akaenda na ncha nyingine mpaka kona ya nyuma, viatu vyake vikishikwa na tope.

Nikamuuliza kutoka pale niliposimama, kwa sauti ili anisikie, maana swali hili limenikaa tangu Desemba na sijui mtu mwingine wa kumuuliza. Mwishowe tumepata faida au hasara?

Aliivuta kamba mpaka ikanyooka. "Nimepata kiwanja," akasema. "Siku ile nilipokuletea karatasi ya benki ungeniuliza nataka nini, ningekuambia kiwanja."

Halafu akaniambia nisogee kushoto, nimeingia kwa jirani.